Mguu Mzima wa Ngazi

Kwa miaka ishirini na mbili kazi yangu imekuwa kufunga vifundo vya miguu ya wanawake warefu. Ukisikia mtu anajiita mtaalamu wa viungo wa timu ya mpira wa kikapu, usimwone mkubwa sana. Anakata plasta, anachua mapaja, anabeba barafu, anasikiliza malalamiko ya mabinti kumi na wawili, na timu ikishinda anayepigwa picha ni kocha. Wachezaji huniita Shangazi ingawa sijawahi kuwa na kaka. Jina nimelikubali kwa sababu shangazi anaruhusiwa kugomba, na kugomba najua.

Ninayetaka kumsimulia ni Ngazi. Wenzake walimpa jina hilo wiki ya kwanza, taa ya chumba cha kubadilishia nguo ilipoungua na yeye akaibadilisha akiwa amesimama sakafuni. Ukitaja jina lake leo popote wachezapo mpira wa kikapu, watu hucheka kwanza, halafu wanakusimulia kisa cha namna alivyomchezea daktari shere. Kisa hicho ni cha uongo, na wa kwanza kukisimulia ni mimi. Mwenyewe ameniambia sasa niseme yaliyotokea, nisimpambe, kwani siku hizi hakuna anayempima.

Alikuja kwetu ana miaka kumi na saba. Aliletwa na mama yake, fundi wa kushona, ambaye alikuwa ameunga kitambaa kwenye pindo la kila suruali ya mtoto kwa kuwa maduka hayakuwa na kimo chake. Mama akautazama ukumbi, akazitazama mbao za sakafu, akayatazama magoti ya wachezaji wakubwa yaliyojaa makovu. Kisha akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Mwenzangu," aliniambia, "mwanangu nakukabidhi mzima. Nami nitakuja kumchukua mzima."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mdomo huponza kichwa, na wangu una rekodi ndefu.

Siku hiyo hiyo nikampima. Huu ni utaratibu wangu mwenyewe, hakuna aliyeniagiza. Kila anayeingia timu namsimamisha kwenye mstari wa pembeni juu ya mguu mmoja, namwambia aruke mara tatu mfululizo kwa mguu huo huo, atue, asiyumbe. Naweka futi, naandika kwenye daftari. Halafu mguu wa pili. Nafanya hivyo mwanzo wa kila msimu. Madaktari huja na kuondoka, kompyuta za klabu zimeshaibwa mara mbili, lakini madaftari yangu yote yapo kabatini, na kila aliyepita hapa miguu yake yote miwili imo humo. Ngazi aliruka, na kila mguu ukapita mita tano. Kwa mwanamke, mita tano si mchezo. Nikamwambia arudie nikidhani futi imejikunja. Akarudia, akapita tena, huku akitafuna ubani.

Miaka saba ilikwenda vizuri. Alikuwa akiufuata mpira unaodunda kutoka kwenye kikapu kabla wengine hawajajua unaangukia wapi. Ukorofi wake ulikuwa mmoja, hakutaka kukaa benchi. Kocha akimtoa, alikuwa anakuja kusimama karibu yangu na kuhema kwa makusudi mpaka arudishwe. Nilimpenda yule binti, sina haja ya kuzunguka.

Alipotimiza ishirini na minne akateguka kifundo cha mguu wa kulia siku ya Alhamisi, na Jumamosi kuna nusu fainali. Kifundo kilikuwa kimevimba, si sana. Alinibembeleza nimfunge. Kocha alinibembeleza. Mimi mwenyewe, niseme kweli, nilitaka kuiona fainali. Nikakifunga, tabaka juu ya tabaka, mpaka kikawa hakigeuki kokote. Katika robo ya tatu akaruka, akatua katikati ya watu, na mguu ulipotaka kupinda haukupata nafasi kifundoni, ukapindia gotini. Sauti yake niliisikia nikiwa benchi. Ukano wa ndani ya goti ulikatika. Madaktari waliniambia baadaye kwamba ungeweza kukatika hata bila plasta yangu. Huenda. Lakini plasta niliifunga mimi, na mimi ndiye niliyeikata kwa mkasi pale sakafuni huku yeye ameuma kola ya jezi.

Hospitalini nilimkuta mama yake kando ya kitanda. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alinisogezea kiti, akaendelea kushona suruali pana ya kupita juu ya bandeji. Heri angenitukana.

Miezi tisa baadaye Ngazi alirudi uwanjani, na miaka iliyofuata ndiyo aliyocheza vizuri kuliko yote. Akawa nahodha. Magazeti yakaandika kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilichokiona mimi na magazeti hayakukiona ni kwamba alikuwa hauamini tena mguu wa kulia. Aliruka kwa wa kushoto na kutua kwa wa kushoto. Akipanda ngazi za ukumbi, wa kushoto unatangulia. Akisimama kuzungumza, uzito wote uko huko. Mguu ule ukawa punda wa nyumba. Niliona, nikanyamaza, kwa kuwa mipira ilikuwa inaingia. Kila mwanzo wa msimu nilipima kama kawaida, na kila mara wa kushoto ulipita mita tano.

Mara ya pili hakuguswa na mtu. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mazoezi mepesi, ana miaka ishirini na tisa na miezi kadhaa. Aligeuka kumpa mwenzake mpira na goti lile lile la kulia likamwacha. Alikaa chini taratibu, akainua mkono kuniita, na nilipofika alikuwa tayari anajua. Safari hii daktari wa upasuaji alimweleza wazi kwamba anaweza kumrudisha mara moja, labda, na baada ya hapo asije akamuuliza tena. Ngazi akamjibu kwamba mara hiyo moja inamtosha.

Akafanya kazi miezi kumi. Sijawahi kuona mtu anafanya kazi vile. Kila Jumatatu nilimlaza mezani nikapima unene wa paja la kulia kwa futi ya kitambaa, sentimita kwa sentimita, na likinenepa nusu kidole tunashangilia kama tumepata mjukuu. Nilijua kila msuli wa mguu ule. Klabu ikamngoja, lakini haikumngoja kwa moyo mmoja. Kocha alikuwa ameshaleta binti mwingine wa nafasi yake, mrefu, mwenye magoti ambayo hayajaonja kisu. Msimu ulipokaribia tukaambiwa orodha ya majina lazima ifike ligi siku fulani, kabla ya saa kumi na moja jioni, na Ngazi hataandikwa mpaka apite kipimo cha daktari wa mifupa. Kipimo kingefanyika siku hiyo hiyo, asubuhi. Asipoandikwa, asingecheza mpaka mwaka unaofuata, na kwa umri wake na magoti yake mwaka unaofuata haukuwepo. Yeye alilijua hilo, kocha alilijua, hata mfagiaji alilijua.

Kipimo chenyewe kinafanana na changu, ila chenye mhuri. Unaruka mara tatu kwa mguu mzima, kisha mara tatu kwa mguu uliopasuliwa. Mbovu ukifikia tisini kwa mia ya mzima, umepona. Ukipungua hapo, nenda kafanye mazoezi. Daktari alichelewa, akafika saa saba mchana, kijana nadhifu, mpole, mwenye fomu zake kwenye jalada. Kocha akakaa kiti cha nyuma akiuma kamba ya kipyenga. Wasichana wakajipanga mlangoni wakijifanya wanafunga viatu. Mimi nikapewa futi kwa kuwa sakafu naijua.

Ngazi akaanza na wa kushoto. Nilimwona anavyofumba mdomo. Akaruka moja, mbili, tatu, akatua. Nikasoma mita nne na sentimita thelathini na tano, daktari akaandika. Kisha wa kulia. Hapo hakuna aliyepumua. Akaruka moja, mbili, tatu, akatua, akayumba, mikono ikatanuka, mguu ukashika. Mita nne na sentimita mbili. Daktari akapiga hesabu, akarudia, akainua uso na kutangaza tisini na mbili kwa mia. Amepita. Wasichana wakaingia mbio, kocha akampiga Ngazi mgongoni, naye akainama akashika magoti na kulia kwa sauti, mtu mzima vile. Daktari akatia saini na kuaga.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti na futi mkononi. Mita nne na thelathini na tano, kwa mguu wa kushoto. Nikasema moyoni, hapana.

Wachezaji wana ujanja mmoja wa siku nyingi, wanauita kubana mguu. Ukijua kwamba mguu mbovu utalinganishwa na mzima, basi mzima unauzuia. Unaruka kivivu, unaficha nguvu zake, ili mbovu uonekane umeufikia. Daktari mgeni hawezi kujua maana hajakuona ulipokuwa mzima. Katika maisha yangu nimewakamata wanne, na mmoja wa hao wanne leo anatembea na fimbo. Ndiyo maana naweka madaftari.

Nikaenda kabatini nikatafuta. Mwaka mmoja nyuma, mwanzo wa msimu ule alioumia, wa kushoto ulikuwa mita tano na sentimita kumi. Sentimita sabini na tano zimepotea, na sentimita sabini na tano si sindano. Nikapiga hesabu ya haki, mguu wa kulia dhidi ya ule wa kushoto ninaoujua mimi. Haukufika hata themanini kwa mia. Damu ikanipanda. Niliona picha yote. Ataingia uwanjani na goti lisilo tayari, litakatika mara ya tatu, nitapiga magoti tena na mkasi, halafu nitakwenda kumwambia nini mama yake. Hasira na hofu, sijui ipi ilikuwa kubwa.

Nilimkuta chumbani kwangu, amekaa juu ya meza ya kuchulia, anazungumza na mama yake kwenye simu. Nikasimama na daftari kifuani mpaka akamaliza. Aliponigeukia alikuwa bado anatabasamu.

"Umebana," nikamwambia.

"Nimebana nini?"

"Wa kushoto. Usinivalishe miwani ya mbao, Ngazi. Mimi si yule daktari."

Tabasamu likaondoka. Aliapa kwamba hakubana. Akaapa kwa mama yake. Nikamwambia hata wale wanne waliapa, tena mmoja aliapia watoto ambao hakuwa nao. Nikamweleza kwamba namfungulia mlango mmoja tu. Tutakwenda uwanjani sasa hivi, yeye na mimi, ataruka kwa mguu wa kushoto kwa haki, nami nitampigia daktari simu na kumpa namba ya kweli. Akikataa, nampigia hivyo hivyo. Akashuka mezani kwa hasira hata meza ikasogea. Hasira hiyo ndiyo niliyoitaka. Mtu mwenye hasira habani.

Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Wasichana walikuwa wamekwenda kula, kocha yuko ofisini na orodha yake. Nikafunga mlango wa ukumbi kwa ndani. Jua la madirishani lilikuwa limelala sakafuni mpaka katikati. Ngazi akavua koti la michezo, akalitupa, akasimama juu ya mstari.

Akaruka. Mita nne na thelathini na moja.

Nikamwambia asinifanye mtoto. Akarudi kwenye mstari, akapumua mara tatu, akaruka, na safari hii alitoa sauti kifuani kama mtu anayeinua gunia. Mita nne na thelathini na sita.

"Tena," nikasema.

Nilikuwa nataka kumwaibisha, ndiyo kweli yenyewe. Akarudi. Aliporuka mara ya tatu niliacha kuitazama futi, nikamtazama yeye. Nimewaona wanaobana. Anayebana hutua mwepesi, kuna akiba imebaki mwilini na inaonekana mabegani. Huyu alitua hana kitu. Mshipa ulikuwa umemtoka shingoni, goti likakunjika kupita kiasi, akaweka mikono yote miwili chini ili asianguke kifudifudi. Akabaki hapo, mikono na magoti, jasho linadondoka kwenye mbao. Mita nne na ishirini na nane.

"Sibani, Shangazi," akasema akiwa chini. "Ndiyo nguvu yangu yote hiyo."

Nikapiga magoti karibu naye nikaushika mguu wa kushoto. Nikalipapasa paja lake. Miezi kumi nilikuwa nimelipima la kulia kila Jumatatu, na la kushoto sikuligusa hata siku moja, kwa kuwa lilikuwa zima. Kwetu mguu mzima haupimwi, mguu mzima ndio kipimo. Paja lilikuwa limekonda. Nikashuka gotini. Lilikuwa na joto, na chini ya vidole vyangu nikasikia maji yakihama.

Nikamuuliza limevimba tangu lini. Akaniambia ni jioni tu, kidogo tu, analiwekea barafu nyumbani, mama yake analijua. Alidhani ni uchovu, maana ndilo lililokuwa linabeba mwenzake. Hakunisumbua kwa sababu nilikuwa na kazi ya goti lenye shida.

Nililia mimi kwanza. Yeye alikaa sakafuni akinyoosha miguu yote miwili mbele yake, mirefu ile, akaniomba daftari. Nikampa. Akapitisha kidole kwenye safu, mwaka hadi mwaka, tangu alipokuwa na miaka kumi na saba. Kidole kikasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Kwa hiyo nimepita kwa sababu yote miwili imekwisha," akasema hatimaye.

Ningeweza kumwambia maneno ya faraja, ninayo mengi, huwa nayagawa kila wiki. Nikamwambia ndiyo.

Halafu nikafanya jambo ambalo sijivunii. Nikamwambia kwamba karatasi ya daktari bado ina saini. Kwamba daftari ni langu na hakuna mwingine anayelisoma. Kwamba akitaka naweza kulirudisha kabatini, ataandikwa, atakuwa anaingia dakika tano tano mwisho wa mchezo, nami nitayatazama magoti yote mawili kama mboni ya jicho. Nilikuwa nasema huku najua nasema nini. Nilimfunga vile vile miaka sita nyuma, kwa kumpenda na kwa kuitaka fainali.

Akaniangalia kama mtu anayeangalia chakula alichokatazwa. Najua alikitaka. Alifunga macho, akayafungua, akatazama kikapu, akatazama miguu yake. Mlango ukagongwa. Alikuwa kocha, akiuliza kwa nje kama nahodha yumo humo, saa tisa inapita na orodha inahitaji saini yake. Nikajibu kwamba tunakuja. Tukasikia viatu vyake vikirudi ofisini.

"Nenda kamwambie nilibana," Ngazi akasema.

Sikumwelewa. Nikamwambia kwamba hakubana, nimeona kwa macho yangu, na namwomba radhi kwa kumdhania.

"Mwambie nilibana, umenikamata, umenirusha tena na umepata mita tano. Namba ya haki haifiki themanini. Anifute."

"Watakuita tapeli, mwanangu. Watu watakucheka mpaka uzeeni."

"Wacheke. Tapeli ana mguu, Shangazi. Amekataa tu kuutoa."

Nilitaka kubishana. Nikaona uso wake, nikaacha. Aliniomba nimsaidie kusimama. Alipoinuka aliegemea bega langu, kwanza akakanyagia wa kushoto kama alivyozoea, akasita, akakanyagia wa kulia, akasita tena. Alisimama hivyo katikati ya uwanja kwa muda, hajui auamini upi. Kisha akanisukuma kidogo kuelekea mlangoni.

Nikapiga moyo konde nikaenda ofisini. Nikamwambia kocha, na nilisema vizuri, maana nilikuwa na hasira ya kweli iliyobaki na nikaitumia. Nikasema yule mshenzi amebana, wa kushoto unaruka mita tano na zaidi, nimeupima mimi. Kocha alinikazia macho. Halafu akacheka mpaka akafuta machozi. Alisema nyani mzee amekwepa mishale mingi, alisema kamtia daktari mfukoni mchana kweupe. Akauliza kama kweli mguu ule bado unafika tano. Nikamwambia unafika, tena bila kujikaza. Akatikisa kichwa kwa kumhusudu. Akachukua kalamu, akakata jina, akaandika la yule binti mpya, na saa kumi na robo orodha ikaondoka.

Daftarini, kwenye mstari wa siku hiyo, wa kulia niliuandika kama ulivyo. Safu ya kushoto niliiacha wazi.

Jioni ile nilikwenda kwa mama yake kabla Ngazi hajafika. Nilimweleza yote, kwa kuwa yeye huwezi kumdanganya, alikuwa ameshaliona goti. Alikuwa kwenye cherehani. Aliendelea kukanyaga mpaka mshono ukaisha, akakata uzi kwa meno. Aliniuliza kama mtoto anaweza kutembea. Nikasema anaweza. Kuchuchumaa? Kidogo. Akafikiri, akasema basi aje nyumbani, na akanikaribisha nikae. Nilikaa. Sikuwa nimetimiza ahadi na wote wawili tulijua.

Wiki mbili baadaye wasichana walimfanyia Ngazi sherehe ya kumuaga. Habari ilikuwa imeshaenea na wao waliipenda mno. Walimtungia jina jipya, Mama Kubana. Walimwambia angecheza miaka mitano zaidi kama si huyu Shangazi na madaftari yake, na wakanizomea, nami nikakubali kuzomewa. Ngazi alikuwa anacheka nao. Yule binti mpya, aliyechukua nafasi yake, akasimama akamwomba awafundishe. Alitaka kujua mtu anabana vipi mpaka daktari asigundue. Wengine wakadakia, wakasogeza viti, wakamtengea njia kwenye mstari wa pembeni.

Nilidhani atakataa. Akanipa glasi yake nimshikie. Akasimama juu ya mstari kwa mguu wa kushoto, akapumua mara tatu, akaruka moja, mbili, tatu, akatua. Mimi nilikuwa karibu. Niliona mshipa wa shingo, niliona kidevu kinavyotetemeka, niliona alivyojitupa na kila alichonacho mwilini. Wasichana wakaangua kicheko, wakapigana vikumbo, wakasema tazama anavyojua kuigiza, hata jasho. Kisha wakampigia makofi na kumwomba arudie.